Kuku wa laki na ishirini

"Laki moja na kumi, mara ya kwanza!"

Mzee wa kanisa alikuwa amemnyanyua kuku, miguu juu kichwa chini, na kuku mwenyewe alishakata tamaa ya kupiga kelele. Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, kijijini kwetu mlimani, Kilimanjaro. Ibada imekwisha, tumetoka na wimbo, baraka imetolewa, sasa mnada wa sadaka. Mkungu wa ndizi ulishauzwa, trei mbili za mayai zimeshauzwa, parachichi za mtoto wa shule ya Jumapili zimenunuliwa kwa bei ya kumchekesha. Watoto walikuwa wamekaa juu ya ukuta, akina mama kwenye majani, na sisi wa Dar tuliopanda nyumbani kwa sikukuu kuhesabiwa tumesimama karibu na magari yetu tukijifanya hatuna haraka.

Nilikuwa nashindana na jamaa mmoja tuliyesoma naye shule ya msingi. Siku hizi ana malori. Gari lake lilipata kivuli. Langu lilikuwa juani.

"Laki moja na kumi, mara ya pili!"

Nikanyoosha mkono. "Na ishirini."

Vigelegele. Jamaa akacheka, akaniinulia mikono kama mtu aliyesalimu amri. Kuku ambaye sokoni angeuzwa Sh15,000 akawa wangu kwa Sh120,000. Nikatoa simu nitume pesa, mtandao ukawa mzito, watu wote wakasimama wakinisubiri, na leo naweza kulisema: sikuchukia kusubiriwa.

Kisha likaja lile swali la kawaida. "Mheshimiwa, unakwenda naye au unambariki mtu?"

Nikaangaza macho. Chini ya mparachichi alikuwa amekaa bibi mmoja, mjane, ambaye nimemwona kanisani pale tangu nikiwa mdogo. Kanga yake imepauka, miguuni kandambili.

"Apewe mama yule."

Vigelegele vikazidi vya kwanza. Akasimama taratibu, akaja, akampokea kuku kwa mikono miwili. "Asante, baba," akasema. Hakunitazama usoni.

Nikadhani ni furaha imemzidi.

## Mara ya nne

Jioni ile mtu akaiweka video kwenye kundi la WhatsApp la usharika. Niliitazama. Nikaitazama tena. Mara ya tatu nilimwonyesha mke wangu, kwa kisingizio kwamba aone lile shati alilonichagulia lilivyokaa. Mara ya nne niliitazama peke yangu, usiku, nyumba nzima imelala, sauti nimeizima nisiwaamshe watu.

Bila vigelegele, macho hupata kazi nyingine.

Miguu ya kuku ilikuwa imefungwa kwa kitambaa. Sikutegemea, kwetu tunafunga kwa kamba ya mgomba. Hiki kilikuwa kipande cha kitenge, rangi ya machungwa, chenye majani ya kijani. Nikaisimamisha video, nikaikuza picha kwa vidole viwili. Halafu nikaisogeza mbele hadi pale bibi anapoingia.

Kilemba chake kilikuwa cha machungwa na kijani. Nyuma, pindo lake limechanwa.

Kuku alikuwa wake.

Alitoka naye nyumbani asubuhi, akampeleka madhabahuni, akamtoa sadaka. Na mimi nikamrudishia mbele ya kanisa zima, kwa makofi, kama mtu anayemrudishia mtoto chenji.

Tulirudi Dar tarehe 2 Januari. Nilidhani foleni ya Kimara ingenisahaulisha, kwa sababu foleni ya Kimara husahaulisha mengi. Haikufanya kitu. Nikiwa ofisini namwona yule mama akipokea. Nikipiga mswaki namwona. Nilianza kukwepa lile kundi la WhatsApp, mimi niliyekuwa wa kwanza kujibu "Amina" kila asubuhi.

## Hesabu zinakubali

Mwanzoni nilijitetea, na utetezi wangu haukuwa mbaya. Nilimsimulia mwenzangu mmoja kazini, Mkatoliki, tukiwa kwenye chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa shida iko wapi? Kanisa limepata laki na ishirini. Bibi amepata kuku. Wewe umepata baraka. Nyie Walutheri mnapenda kujitesa."

Nilirudi mezani kwangu nikijaribu kumwamini. Kwa hesabu ana haki. Ukijumlisha ukatoa, hapo hakuna aliyepungukiwa hata shilingi, na bibi yule kumla kuku Krismasi ni jambo jema kuliko kutomla.

Lakini asubuhi ile aliingia kanisani akiwa mtu aliyeleta kitu. Saa saba mchana akatoka akiwa mtu aliyesaidiwa. Katikati ya asubuhi na saa saba hapakuwa na mtu mwingine aliyefanya kazi hiyo isipokuwa mimi, na hakuna aliyemuuliza kama anataka.

Halafu kuna hili ambalo lilichukua wiki mbili kulikubali. Pale uwanjani tulikuwa watu zaidi ya mia mbili. Kwa nini macho yangu yalikwenda kwake? Ningeweza kumpa kuku mwalimu wa kwaya. Ningeweza kumpa mwinjilisti. Nilimtafuta aliyeonekana maskini kuliko wote, kwa kuwa mbele yake laki yangu ingeonekana kubwa zaidi. Ukitaka taa ionekane unaiwasha penye giza, na mimi nilimtumia yule mama kama giza.

Mahubiri ya kiburi nimeyasikia tangu utoto. Nebukadreza anakula majani kama ng'ombe. Hamani anatundikwa kwenye mti alioutengeneza mwenyewe. Herode anashangiliwa kuwa ni sauti ya mungu, mara analiwa na chango. Katika mahubiri hayo mwenye kiburi siku zote ni mtu anayekataa: amekataa kutoa, amekataa kuinama, amekataa kusikia. Kwa hiyo nilikua nikijikagua kwa kipimo hicho, na kwa kipimo hicho mimi sikuwa mbaya. Zaka natoa. Wazee nawasalimia. Kiti cha mbele sikitafuti. Nikipewa ndiyo nakaa.

Sikuwahi kuonywa juu ya kiburi kinachotoa.

Na msije mkadhani naupiga vita mnada. Ninaupenda. Bibi zetu hawakuwa na fedha za kutia kwenye bahasha, walikuwa na ndizi, maziwa, kahawa na mayai. Mnada ndio ulioligeuza shamba la mjane kuwa bati la kanisa. Kwa ninavyouelewa, ule ni mlango wa asiye na noti. Ndiyo maana Desemba inaniuma: sisi wenye noti tunapanda mlima mara moja kwa mwaka, tunasimama mlangoni pale pale, na aliyeleta kuku hata haonekani nyuma yetu.

## "Ji" na "m"

Nilirudi kwenye Luka 14, ile karamu ambayo wageni wanagombania viti vya mbele. Nilikuwa nasoma Union Version, ile ya 1952 ambayo wengi wetu tumekariri: "Kwa maana kila ajikwezaye atadhiliwa, naye ajidhiliye atakwezwa."

Kudhili. Ni neno zito. Mtu akikwambia mtaani "umenidhili," hapo urafiki umefika ukingoni. Tafsiri za karibuni zimelipunguza makali, zinatumia kushushwa na kujishusha, na ninaelewa kwa nini. "Kujishusha" unaweza hata kumwambia mtoto. Ila safari hii lile la zamani ndilo lililonishika shati. Kitenzi ni kilekile. Kinachobadilika ni silabi moja tu. Najidhili. Namdhili. "Ji" ikitoka ikaingia "m", unyenyekevu umekuwa udhalilishaji, na mdomo haujui tofauti.

Pale uwanjani, kama ungeniuliza, ningekwambia najishusha. Tajiri wa mjini anamkumbuka mjane! Lakini ili niiname kumwinua, ilibidi kwanza niamini kwamba yuko chini. Hiyo imani niliitoa wapi? Yeye alikuwa amekaa kwenye majani tu, kama mama mwingine yeyote.

Nilikaa hapo siku nyingi kuliko nilivyotarajia. Nikaendelea kusoma Luka, bila mpango, usiku usiku, mpaka nikafika sura ya 21.

Fungu la mjane na senti mbili nimelifundisha mwenyewe, kwa vijana, zaidi ya mara moja. Nilikuwa nalitumia kuwahimiza watoe. Yesu yuko hekaluni, matajiri wanatia sadaka zao, anakuja mjane maskini anatia senti mbili, na Yesu anasema huyu ametia zaidi kuliko wote. Amina, vijana, mmeona?

Kitu ambacho sikuwahi kukiona ni kwamba Yesu hakumrudishia.

Fikiria ni nani amekaa pale. Aliyelisha watu elfu tano. Ana wanafunzi kumi na wawili, na mmoja wao ndiye mshika mfuko. Kumwita tu, "Yuda, hebu mpe huyu mama chochote," kungemgharimu nini? Ningekuwa mimi, ningezitoa zile senti mbili sandukuni, nikaongeza laki juu yake, nikamwita aje mbele. Na mtu angepiga picha.

Yeye alimtazama. Akawaita wengine wamtazame. Akaziacha senti mbili zikae ndani ya sanduku pamoja na fedha za matajiri, zikiwa za yule mama, zimetolewa na yule mama.

Hapo nikapata mashaka ya upande wa pili, na sijayamaliza mpaka leo. Je, hiyo si njia nzuri ya kumwacha mjane na njaa yake huku tukimsifu? Mistari michache tu kabla ya hapo, mwisho wa sura ya 20, Yesu huyo huyo amewashutumu waandishi wanaopenda kusalimiwa masokoni na kukaa mbele, kisha wanakula nyumba za wajane. Mchungaji mmoja rafiki yangu, nilipompigia, aliniambia pengine Yesu hakuwa anasifu, pengine alikuwa anasikitika kuona hekalu limemla mama wa watu mpaka senti ya mwisho. Inawezekana. Nimeisoma mara nyingi nikiipa sauti ya huzuni, na inasomeka. Ila hata kwa sauti hiyo, hamrudishii. Hasira yake yote inakwenda kwa wakubwa. Mkono wa mama hausukumwi.

Na kuna jambo la pembeni ambalo, ukishaliona, huachi kuliona. Huyu Yesu alikuwa mpokeaji mkubwa. Mashua ya Simoni. Mwana-punda wa watu. Wanawake waliomhudumia kwa mali zao, Luka anawataja katika sura ya 8. Kaburi la Yusufu wa Arimathaya. Na pale kisimani, mchana, kwa mwanamke Msamaria, neno lake la kwanza ni ombi: "Nipe maji ninywe." Mimi ningeanza kwa kumchimbia kisima.

## Zamu ya maji

Marehemu baba alikuwa mtu wa Uamsho, ule wa kiroho wa Afrika Mashariki. Wazee wa Uamsho wakianza kuusimulia huanzia 1929, kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church wakisoma Biblia pamoja. Wakitoka hapo wanakwenda Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na ukiwaacha hutalala. Ulipofika kwetu ulikuja na wimbo wa "Tukutendereza" kwa Kiganda ambacho hakuna aliyekijua, na kila mtu alikiimba. Maneno yao yalikuwa kuvunjika, kuenenda nuruni, kutengeneza. Dhambi unaitaja kwa jina lake. Ukimkosea mtu unakwenda kwake.

Nisiupake sukari. Nikiwa mtoto niliona pia namna ushuhuda unavyoweza kugeuka mashindano. Kadiri ulivyokuwa umeoza, ndivyo "Tukutendereza" ilivyopanda juu. Kulikuwa na ndugu mmoja ambaye mwaka wa kwanza aliungama kwamba aliiba mbuzi. Mwaka wa tatu walikuwa mbuzi wanne. (Najua, makala haya nayo ni ushuhuda. Rasimu ya kwanza ilikuwa na picha ya kuku; nimeifuta. Yaliyobaki mtanihukumu wenyewe.)

Lakini siku ya kumzika baba, jirani yetu wa upande wa juu alisimama. Mzee sana, fimbo mkononi. Alisema hivi, na ninaandika kama ninavyokumbuka.

Zamani, kabla baba hajaokoka, mwaka wa ukame, maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yaligawanywa kwa zamu. Usiku mmoja zamu ilikuwa ya jirani. Asubuhi alikuta ulezi wake umekauka vilevile, na kihamba cha baba, shamba lake la migomba, kina tope. Hakusema kitu, hakuwa na ushahidi. Miaka ikapita. Siku moja alfajiri, umande haujakauka, baba akapiga hodi peke yake, jembe begani. "Niliiba maji yako," akamwambia. "Zamu yangu ya wiki hii ni yako."

"Nikamwambia nimekusamehe, kalale, maji yako chukua," jirani akasema pale kaburini. "Akanijibu: ukiyakataa nitabaki mwizi. Basi nikayachukua."

Mama alikuwa amekaa kando yangu. Akaninong'oneza, "Hakuniambia." Miaka zaidi ya thelathini ya ndoa.

Nilikuwa nimeisahau habari hiyo. Ilinirudia mwezi wa pili, nikiwa nimesimama kwenye taa za Ubungo, na nikajua nitapanda mlima.

## Mikono mitupu

Mwanzoni mwa Machi kulitokea msiba upande wa mke wangu, tukaenda. Tulipofika Moshi mjini nikasimama dukani, nikanunua sukari kilo tano, mchele kilo kumi, mafuta ya kupikia lita tatu. Mke wangu alinitazama nikipakia. Alikuwa anajua habari yote.

"Unakwenda kumwomba radhi," akauliza, "au kumnunua mara ya pili?"

Niliegesha barabarani, vitu nikaviacha kiti cha nyuma, nikashika kijia cha katikati ya migomba. Nani kwetu anakwenda kwa mtu mzima mikono mitupu? Mama yangu akisikia ataumwa. Nilitembea sijui mikono niiweke wapi, mara mfukoni, mara nyuma kama mkaguzi wa shule.

"Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Akaninyooshea shingo. "Si wewe wa kuku?"

Wa kuku. Nina digrii mbili na kadi yenye cheo kirefu, na kijijini kwetu sasa mimi ni wa kuku.

Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Korogwe, mazuri, na fungu la Biblia ndani yake. Yakatoka manne. "Mama, sikujua ni wako."

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuacha. Alitupa mawe mawili matatu, akapuliza maganda, ndipo akaanza, na hakuanzia kwa kuku.

"Mwaka jana nilikuwa sioni. Hili la kushoto lilishafunga kabisa, la kulia ukungu. Mtoto wa jicho. Nikamwambia Mungu, ukinipa macho, yule mwekundu ni wako. Nikafanyiwa upasuaji mwezi wa kumi." Akanionyesha jicho kwa kidole chenye vumbi la maharage. "Ile Jumapili nikamkamata mwenyewe. Kamba sikuiona karibu, nikachana kilemba. Lile fundo nililifunga mimi, baba. Hakuna mjukuu aliyenishikia."

Akachambua kidogo.

"Ukanirudishia."

Sikuwa na la kusema.

"Krismasi nzima," akasema, "nina deni la Mungu linazunguka hapo uani linadonoa punje."

Akacheka yeye kwanza. Nikashindwa kujua kama nina ruhusa ya kucheka, nikacheka nusu. Nikamuuliza kuku yuko wapi. Akasema Jumapili ya kwanza ya Januari, watu wa magari wamekwisha kushuka, alimfunga tena na kumrudisha kanisani. Kabla ya mnada akamwendea mzee wa kanisa: huyu akinunuliwa, asije kwangu. Hapakuwa na ushindani. Kijana wa bodaboda alimchukua kwa Sh13,000, akaenda kumla na mkewe.

"Hiyo kumi na tatu ndiyo yangu. Ile laki na ngapi sijui, hiyo yako, mtajuana wewe na Mungu."

"Nisamehe, mama."

"Nilishasamehe. Kaa ule."

Nikasema nimeshiba. Nikasema nasubiriwa msibani. Vyote viwili vilikuwa uongo. Yeye akawa hasikii, ameshaingia jikoni, akatoka na bakuli la kiburu. (Kwa wasomaji wa mbali, ni ndizi na maharage, na herufi ya mwisho ni u, msinicheke.) Kisha akaleta beseni na jagi la plastiki.

Kwetu mdogo humnawisha mkubwa. Nikasimama haraka, nikalishika jagi. "Mama, nikunawishe mimi kwanza."

Hakuliachia. Kwa sekunde kadhaa tulikuwa tumelishika wote wawili, mwanamume wa miaka arobaini na sita na bibi wa miaka sabini na kitu, maji yakituchuruzikia miguuni.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Lete mikono."

Nikaileta. Maji yalikuwa ya baridi, ya mlimani. Alimimina taratibu, ameinamisha kichwa upande ili jicho la kushoto lione vizuri, akaniangalia kidole kimoja kimoja. Alipoona mahali nilipobakiza akaongeza.

Nikala. Akaniongeza, nikala tena.

Nilipoaga akaingia ndani, akatoka na mayai matatu yamefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Mdomo ulishafunguka kukataa. Nikaufunga, nikapokea kwa mikono miwili.

Kwenye gari, sukari, mchele na mafuta vilikuwa pale pale kiti cha nyuma. Nikausukuma mfuko wa mchele pembeni, nipate pa kuyaweka mayai.